Fundi Chapuchapu na Kiungo cha Siku Sita

Kama kuna mtu aliyewahi kumwona Fundi Chapuchapu amekaa kitini mpaka kiti kikapata joto, ajitokeze, maana mkewe aliyeishi naye miaka ishirini na tisa hajawahi. Chakula alikila amesimama, sahani mkono mmoja na simu mkono wa pili, akimwambia mteja kwamba yuko njiani, tena amekaribia, ilhali hata viatu hajavaa. Kinyozi alimwogopa. Harusini alizungukazunguka nyuma ya viti, na msibani alijipa zamu ya kuchota maji. Watu walimsifu kwa wema, lakini ukweli ni kwamba kukaa na kuinamisha kichwa kulimshinda.

Kazi yake ilikuwa mabomba. Sinki lililoziba, choo kinachovuja, tangi lisilojaa, aliitwa yeye. Na alikuwa hodari, hilo hata mafundi wenzake walilikubali, ingawa kwa kununa. Kwanza, alichukia kuvunja kuta. Fundi mwingine akiitwa kwenye ukuta wenye unyevu hufika na nyundo, akabomoa nusu ya bafu, kisha akasimama juu ya kifusi na kutangaza kwamba tatizo liko upande wa pili. Chapuchapu alitoboa tundu moja la kupita kidole, akachungulia kwa kijioo na tochi, akaingiza waya wake, na mara nyingi tundu hilo lilitosha. Pili, hakuondoka kwa mtu bila kujaribu. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na pakiti ya bluu ya kufulia nguo. Akimaliza kuunga, alitia bluu kidogo kwenye maji, akayafungulia, akatandika karatasi nyeupe chini ya kiungo. Karatasi ikibaki nyeupe, alikunja vifaa. Ikipata hata doa, alianza upya, na hapo ilikuwa heri usimsemeshe.

Kitu kimoja tu kilimtoa roho, nacho ni kungoja gundi ikauke. Alimkataza mwenye nyumba asiguse bomba, akaruka kwenda kwa mteja mwingine, akarudi muda ukishatimia. Wenye nyumba nao hawakuwa na subira, wakafungua. Kisha wakakana. "Hatujagusa, fundi," huku maji yanachuruzika ukutani. Hapo aliwaka moto.

"Ungeniambia tu!" alifoka. "Ukiniambia mapema nafunga, nakausha, naanza tena. Ukinificha, nyumba nzima inaloa!"

Mtaa mzima uliijua hotuba hiyo kwa moyo, hata watoto waliiigiza.

Ugonjwa wake ulianza na mkate. Tonge lilifika chini ya kifua likagoma. Naye alifanya ambalo fundi wa mabomba angefanya, akalisukuma kwa maji, likapita. Kwa miezi mitano alisukuma kila kitu kwa maji, na alipoanza kutembea na chupa kubwa kila aendako, akawaambia watu kwamba ni joto. Mkewe hakudanganyika. Alikuwa mshonaji, na suruali za mumewe alikuwa amezipunguza kiunoni mara mbili kwa mkono wake mwenyewe. Alipoletewa mara ya tatu, aliitupa suruali juu ya cherehani.

"Sipunguzi tena, baba. Kesho tunaenda hospitali, au utavaa kamba."

"Asidi tu hii, mama."

"Asidi gani inayokula mpaka makalio?"

Alikataa siku hiyo, akakataa na wiki iliyofuata. Alikubali asubuhi ile maji yenyewe yalipogoma kushuka, yakarudi yakamtokea puani.

Hospitali walimpitisha kamera kooni, wakakata vinyama vya kupima, wakawaita tena baada ya siku kumi. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mdogo kwa fundi kwa miaka kama kumi na mitano hivi, mwenye kucha fupi na sauti ya chini. Hakuzunguka. Kulikuwa na uvimbe pale umio unapoingia kwenye tumbo la chakula, nao ulikuwa kansa. Mke alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Fundi aliinuka, akaenda kwenye sinki la pembeni ambalo bomba lake lilikuwa likidondosha, akalikaza kwa nguvu, akarudi.

"Mpira wake wa ndani umekwisha," alisema. "Mtabadilisha."

Hakuna aliyecheka. Mkewe alimvuta shati, akakaa.

Kwanza zilikuja dripu za dawa, miezi miwili, za kuufifisha uvimbe. Miezi hiyo ilimtesa kuliko kansa yenyewe, kwa sababu dripu ina kamba, na yeye hakuzaliwa kwa ajili ya kamba. Alitembea wodini akikokota mti wa dripu mpaka magurudumu yake yakalegea, akaomba bisbisi akayakaza. Nywele zikamtoka, uvimbe ukanywea, tonge likaanza kupita tena kidogokidogo. Ndipo daktari akawaita kuzungumzia upasuaji.

Aliwachorea kwenye karatasi. Angekata sehemu ya chini ya umio pamoja na kipande cha juu cha tumbo. Tumbo linalobaki angelifanya bomba jembamba, alivute juu mpaka kifuani, aliunge na umio.

"Mnapasua kutoka wapi mpaka wapi?" aliuliza fundi, akijigusa kuanzia kidevuni hadi kitovuni.

"Hatupasui hivyo. Matundu matano tumboni, manne ubavuni. Kamera inaingia, vifaa vyembamba vinafuata. Tundu moja tu tutaliongeza kidogo, la kutolea uvimbe."

Fundi alimgeukia mkewe, uso wake unang'aa kwa mara ya kwanza tangu dripu. "Umesikia, mama? Ukuta hauvunjwi!"

Kisha akamsogelea daktari, maana sasa walikuwa mafundi wawili. "Ukishaunga, unajaribu?"

"Tunajaribu palepale mezani. Halafu siku ya sita unakunywa dawa maalumu mbele ya eksrei, tunaona kama inavuja."

"Siku ya sita! Mimi bomba langu linakauka kwa saa moja."

"Nyama si plastiki, mzee. Inashikana kwa siku, si kwa saa. Mpaka nikuruhusu, hakuna kitu kinachopita mdomoni. Hata maji. Utalishwa kwa mpira tumboni."

Neno mzee lilimchoma, lakini lililomkera zaidi ni zile siku sita. Alikuwa anawajua mafundi. Aliijua ile sauti ya kusema "tayari" huku moyo unasema "labda". Yeye mwenyewe, zamani, kabla ya kuanza kutumia bluu, aliwahi kuisema.

"Daktari, ninaomba kitu kimoja. Ukiharibu, uniambie. Usinifiche."

"Nitakwambia mimi mwenyewe," alisema daktari. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Mkeo ameshaniambia hukai. Ukifanya nililokukataza, uniambie kabla sijagundua."

Walipeana mikono. Mke naye akaambiwa lake: siku sita hizo asimwache huyu peke yake, kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyeanza kutambaa.

Upasuaji ulichukua saa saba. Fundi aliamka na plasta tisa, mpira tumboni wa kulishia, na mpira mwingine mwembamba uliotoka ubavuni, ukateremka mpaka kwenye chupa ya plastiki iliyoning'inia kando ya kitanda. Kazi ya mpira huo ilikuwa kutoa majimaji yanayobaki kifuani karibu na kiungo kipya. Sista alimweleza hilo mara moja tu, na alikosea, kwa maana kuanzia hapo mgonjwa hakuiondolea macho chupa ile. Majimaji yalikuwa mekundu, siku ya pili yakapauka, siku ya tatu yakawa ya manjano. Alihesabu matone.

Siku ya pili walimtembeza. Siku ya tatu alijitembeza, mkono mmoja umeshika chupa na mwingine umeshika bega la mkewe, akawapita wagonjwa waliotangulia kupasuliwa wiki nzima kabla yake. Aliporudi kitandani ndipo mateso yalipoanza. Kinywa kilikuwa kikavu kama karatasi ya msasa. Kwa ajili hiyo sista alimpa dawa ya kusukutua kwenye kikombe kidogo, bluu iliyokolea, asubuhi na jioni.

"Sukutua, tema. Usimeze hata tone. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana, sista."

Alisukutua, akatema, akaitazama ile bluu inavyoshuka kwenye beseni.

Siku ya nne alasiri, saa ya kuona wagonjwa, alikuja shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi na mwenye uhakika wa kila jambo asilolijua. Aliomba aonyeshwe kidonda. Fundi akafunua shuka kwa fahari. Shemeji akainama, akatazama plasta moja moja, akainuka amekunja uso.

"Ndiyo hizi?"

"Ndiyo hizi."

"Shemeji, mimi nikichomwa mwiba nafungwa plasta kubwa kuliko hii. Kansa nzima imepita hapa?" Akateremsha sauti, ingawa wodi nzima ilikuwa inamsikia. "Hawa wamekuchungulia tu. Wameona mambo makubwa, wakafunga. Hawakuambii."

"Wewe kaka, toka!" alisema dada yake, akamshika mkono. "Umekuja kuona mgonjwa au kumuua?"

Akamsindikiza mpaka getini, akimpa za uso njia nzima. Dakika kumi tu. Katika siku nne hizo ilikuwa mara yake ya kwanza kuondoka kitandani pale bila kumwachia mtu zamu.

Fundi alibaki peke yake na lile neno. Alijua shemeji yake ni mpayukaji. Alijua. Lakini alijua pia mafundi walivyo, na neno likiingia kwa mtu asiyetulia linamzunguka mwili mzima. Je, kweli walikata? Na kama walikata, waliunga? Na kama waliunga, kimeshika? Siku mbili zaidi za kulala hapo bila kujua! Jasho lilimtoka. Kwenye meza ndogo kando ya kitanda palikuwa na kikombe cha jioni, sista alikwisha kukitayarisha. Bluu. Na ubavuni palikuwa na mpira, na mwisho wa mpira chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iliyowekwa chini ya kiungo kama karatasi yake mwenyewe.

Hakuwaza tena. Mkono ulikwenda wenyewe. Alimeza funda moja, si kubwa, akahisi ubaridi ukishuka, ukapita pale palipokuwa pakikwama, ukaendelea. Hapakukwama kitu. Machozi yalimlenga kwa furaha. Akasukutua kilichobaki, akatema kwenye beseni kama mtu mwema, akaigeukia chupa.

Manjano. Mkewe akarudi, bado anafoka juu ya kaka yake. Manjano. Akamkunjia mto, akamweleza habari za mteja aliyepiga simu. Manjano bado. Fundi alianza hata kutania, akamwambia mkewe kwamba huyo kaka yake angefaa kuwa kipaza sauti. Mkewe akacheka, akachukua kitambaa chake akaanza kupiga pindo.

Nusu saa ikapita, na zaidi. Kisha kwenye mpira, juu kidogo ya chupa, akaona uzi mwembamba usio wa manjano. Akafumba macho, akafumbua. Ulikuwa bluu. Uliteremka taratibu, ukafika kwenye chupa, ukatawanyika.

Moyo ukampiga pa! Alivuta shuka akaifunika chupa.

"Baridi?" aliuliza mkewe.

"Kidogo."

Mkewe akamwongezea blanketi. Akalala chini yake akitetemeka, na safari hii hakuwa na pa kukimbilia. Aliogopa kufa, hilo ndilo la kwanza. Akamwogopa daktari. Akamwonea haya mkewe, aliyekuwa amekaa hapo siku nne na sindano yake mkononi, na sasa angeambiwa kwamba dakika zake kumi ndizo zilizotosha. Akajiambia kesho, kesho watagundua wenyewe, ama rangi itapotea, ama ni kivuli tu. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikifoka ndani ya nyumba za watu. Ukinificha, nyumba nzima inaloa.

Alifunua shuka. "Mama. Niitie daktari. Nimemeza ile bluu."

Mkewe alitazama chupa. Sindano ilimponyoka. Alitoka mbio wodini bila viatu.

Daktari alifika na nguo za chumba cha upasuaji, kofia bado kichwani. Fundi hakumpa nafasi ya kuuliza. "Nilimeza funda moja, saa tisa na nusu. Nimefanya kama bombani. Inavuja, daktari. Nilikuahidi nitakwambia."

Daktari aliinama, akaitazama chupa, akambonyeza tumbo, akamshika paji la uso. Aliponyanyuka alikuwa na hasira waziwazi.

"Unajua hiyo dawa imemwagika wapi? Kifuani, kando ya moyo na mapafu. Ungeweza kufa kwa ujinga huu, unanisikia?"

"Nasikia."

"Na mimi nilikuahidi, kwa hiyo na mimi nakwambia: kiungo changu kinavuja. Tunaingia sasa hivi."

Walimpitisha tena kamera. Tundu lilikuwa dogo, kama kichwa cha kiberiti. Daktari aliweka kwa ndani kijibomba laini cha wavu, kikaliziba wakati nyama ikijishika, mpira wa ubavuni ukaachwa, dawa kali za kuzuia usaha zikaanza jioni ileile. Homa ilikuja usiku, ikakaa siku tatu, ikashindwa. Zile siku sita zikageuka wiki nne.

Wiki ya pili, alipoweza kuongea bila kuhema, alimuuliza daktari lile lililokuwa likimnyima usingizi.

"Niambie ukweli. Ni mimi niliyekivujisha, au kilikuwa kinavuja tayari?"

Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda. "Sijui."

"Hujui?"

"Huenda kilianza asubuhi ile, na bila wewe tungegundua siku ya sita ukiwa na usaha kifua kizima. Huenda kingeshika vizuri kama ungekiacha. Hakuna wa kukwambia, mzee. Nilikuahidi sitakuficha, na sikufichi: sijui."

Lilimuuma kuliko plasta zote tisa. Mtu wa karatasi nyeupe na doa la bluu, apewe jibu lisilokuwa na rangi! Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani daktari alimletea habari njema, kwamba kingo za nyama waliyoikata zimepimwa na hazina kansa, akashukuru, akafurahi kweli, lakini njiani alikuwa akirudia lile "sijui" kimoyomoyo.

Nyumbani aligundua kwamba si yeye peke yake aliyekuwa akilirudia. Alimkuta mkewe mbele ya cherehani isiyozunguka, uso umelowa.

"Niliambiwa nisikuache," alisema. "Jambo moja tu niliambiwa."

Mume alisimama mlangoni. Zamani angetoka, angejitafutia valvu ya kukaza. Sasa alivuta kigoda. "Mkono ulikuwa wangu, mama. Si wako, wala wa kaka yako. Ungekaa hapo siku sita, ningengoja uende chooni."

Mkewe alifuta uso kwa pindo la kitambaa.

Maisha yalikuwa mapya na ya kuudhi. Milo minane midogo kwa siku, kila tonge litafunwe mpaka liishe ladha, na asilale kabla chakula hakijashuka. Akila haraka, mwili wote ulimtoka jasho na moyo ukaenda mbio. Mtu wa kula amesimama alilazimika kukaa mara nane kwa siku, na kila mara alikaa kama aliyekamatwa.

Baada ya miezi minne alipata kazi yake ya kwanza, ndogo, bomba la jikoni kwa bibi mmoja wa mtaa wa pili. Mkewe alimfungia kibakuli cha mlo wa tano, akamhesabia kwa vidole vitu asivyotakiwa kunyanyua. Fundi alikata, akasugua, akapaka gundi, akaunga. Karatasi nyeupe akaitandika. Pakiti ya bluu ilikuwa mfukoni.

"Nifungue, fundi?" aliuliza bibi.

"Bado."

"Basi nenda kwenye shughuli zako kama kawaida yako, mwanangu. Sigusi."

Fundi alitazama mlango. Alilitazama bomba. Kisha akageuza ndoo juu chini, akaikalia, akafungua kibakuli chake, akatafuna taratibu. Bibi alimwangalia kana kwamba kuna mgeni ameingia jikoni kwake.

Simu ililia. Mkewe.

"Uko wapi? Umeshamaliza?"

"Nimeunga. Nangoja gundi ikauke."

"Unangoja wapi? Usiniambie umepanda dari la mtu."

"Hapahapa, kando ya bomba. Nimekaa."

Upande wa pili cherehani ilikuwa ikizunguka. Ikasimama.

"Umekaa?" aliuliza mkewe. "Umekaa chini?"

"Nimekaa, mama. Bado nusu saa."

Mkewe hakukata simu. Alisikika akivuta pumzi, kisha akilia polepole, na mumewe akaiacha simu sikioni, akabaki hapo juu ya ndoo, akimngoja.